Kwale wa Kipilefti

Majvor Brännström amekuwa karani wa masjala katika halmashauri ya Kvarnsele, mji mdogo wa kaskazini kwenye theluji, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hajapata mwenyekiti wa kumpenda. Wenyeviti saba wamepita mbele yake. Wawili wamekufa, mmoja amehamia Uhispania kuanika magoti juani, na walio hai ukiwauliza watakujibu lile lile: yule mama kahawa yake nzuri, lakini ukimpa karatasi, jua umewapa watu wote.

Ndiyo kazi yenyewe. Barua ikiingia halmashauri, iwe ya waziri au ya bibi anayelalamikia mavi ya mbwa wa jirani, Majvor anaigonga muhuri wa tarehe, anaipa namba, anaiweka kwenye faili. Kuanzia hapo mtu yeyote, awe mwandishi wa gazeti, awe mlevi, awe mtalaka wa mwenyekiti, anaweza kuja dirishani akasema nataka kuiona. Za wagonjwa na za watoto zina kabati lao na kufuli lake. Zilizobaki anapewa, tena upesi. Na karani haruhusiwi kumuuliza jina. Haruhusiwi kumuuliza anaitakia nini. Hata kumkodolea macho si adabu.

Hilo la kutouliza lilimtesa Majvor kuliko baridi ya Januari, kwa sababu alizaliwa mbea. Mama yake alikuwa mbea, bibi yake alikuwa mbea wa kusifika mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto. Mtu akija dirishani akaomba kumbukumbu za kikao cha makaburi, Majvor alimpa huku midomo ameibana mpaka inakuwa myeupe.

"Utapasuka siku moja," Solveig wa mapokezi alimwambia.

"Nitapasuka, lakini kisheria."

Kuna mzee mmoja aliyekuja kila Jumatatu kwa miaka minne kuomba karatasi za joto la maji ya bwawa la kuogelea. Kila Jumatatu, joto la wiki nzima. Ofisi nzima walimcheka, wakamwita Mzee wa Maji, wakasema mkewe amemfukuza chumbani. Majvor naye alicheka, lakini kopi alimpa, mia mbili na zaidi, na kila moja aliipiga kama ya kwanza. Mwaka wa tano mzee akaja na zote kwenye mfuko wa viazi, akazipanga mezani mbele ya madiwani, ikaonekana kwamba joto la miaka miwili liliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kufika bwawani. Namba zilikuwa zile zile, hata wiki ambazo bwawa lilikuwa limefungwa na halina tone la maji. Ndiyo sababu watoto walikuwa wakiumwa masikio kila mara. Tangu siku hiyo hakuna aliyemcheka tena. Majvor mpaka leo hajui alianza kuulizia kwa nini. Inamuwasha bado.

Kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa, Majvor aliutafutia mlango mwingine. Alikuwa na vile vikaratasi vya njano vya kubandika. Humo aliandika yote aliyokatazwa kusema, akabandika ndani ya faili, roho yake ikatulia. Kosa si hilo. Kikaratasi cha karani ni chake mwenyewe muda wote shauri linapoendelea. Lakini shauri likiisha, kabla faili halijashushwa kwenye stoo ya chini, lazima linyonyolewe vikaratasi vyote. Majvor alimfundisha hivyo kila mgeni aliyeajiriwa: "Kuku hapelekwi mezani na manyoya." Maana faili likishafika chini, kila kilichomo ni mali ya umma, hata kama ni ganda la peremende, na ukikitoa umeharibu nyaraka za serikali.

Sasa tuje kwa kwale.

Miaka mitatu nyuma, mwenyekiti Göte Norlund aliamua kwamba kipilefti cha Kvarnsele kinahitaji sanamu. Kipilefti ni kimoja tu, na magari ni machache kiasi kwamba yakikutana mawili madereva hupungiana mikono na kuulizana habari za wajukuu. Lakini miji ya jirani ilikuwa na sanamu, na Göte hakulala vizuri kwa sababu hiyo. Ikatangazwa: sanamu ya kwale dume wa msituni, yule mkubwa anayefungua mkia kama feni akitaka jike. Barua za maombi zifike kabla ya Ijumaa jioni.

Wakaomba wawili. Mmoja mwanamke mhunzi kutoka kijiji cha juu, barua yake ikafika Jumatano. Wa pili Evald Risberg, mchonga mbao, ambaye huwinda kulungu na Göte kila msimu. Barua yake ikafika Jumatatu, siku tatu imechelewa. Göte akapiga simu masjala, sauti ya asali, akataka barua ile igongwe muhuri wa Ijumaa. Majvor akakataa, akagonga wa Jumatatu kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. Göte akaingia kikaoni akasema maombi yote mawili yamewahi. Hakuna diwani aliyefungua faili, kwa sababu siku hiyo palikuwa na keki ya kijani yenye krimu, na diwani wa Kvarnsele mbele ya keki ya kijani hafungui kitu kingine isipokuwa mkanda wa suruali.

Kazi akapewa Evald, na ndege akasimamishwa kwenye mvua. Mkia ulikuwa upande. Shingo imeingia ndani. Macho yalikuwa yanatazama angani kwa uchungu fulani.

Majvor alikuwa ameshaandika kikaratasi chake na kukibandika nyuma ya barua ya Evald. Akafunga faili hilo Ijumaa ya mwisho kabla ya wiki ya kuwinda kulungu. Wageni hawajui Ijumaa ile ilivyo. Watu wako ofisini lakini wamevaa mabuti ya msituni, mbwa wanalia kwenye magari nje, mhandisi anafuta bunduki akiwa kwenye simu. Majvor mwenyewe ndiye mpishi wa kikosi kimoja cha wawindaji, si kile cha Göte, alikuwa na kilo ishirini za viazi kwenye korido. Mafaili tisa aliyashusha chini kwa mkupuo mmoja, mlango akaufunga, akaenda porini. Manane alikuwa ameyanyonyoa.

Wakati huo Evald hakuwa mtu kwake. Jina tu, na picha mbaya iliyoambatanishwa.

Evald akawa mtu mwaka jana, kwenye ukumbi wa dansi. Majvor ana miaka sitini na miwili; mume wake alimwacha zamani akafuatana na dereva wa basi la maktaba, mwanamke mwembamba asiyesoma hata kitabu kimoja. Evald alikuwa mjane. Alimsogelea, akanyoosha mkono, wakacheza nyimbo nne bila yeye kutamka neno. Ananuka lami ya msonobari. Jumamosi iliyofuata akaja nyumbani kwa Majvor na ndoo ya matunda ya kinamasi, akatengeneza ngazi ya mlangoni, akanywa kahawa, akaondoka. Na kila Jumamosi baada ya hapo. Kusema hasemi, ila huleta kisu cha siagi alichochonga mwenyewe. Majvor alikuwa na visu vya siagi kumi na kimoja, na mkate hali siku hizi, daktari amemkataza.

"Nyie mnaongea nini saa zote hizo?" Solveig alimuuliza.

"Hatuongei. Naongea mimi. Yeye anakubali."

"Basi umepata uliyemtafuta maisha yako yote."

Majvor alimrushia kitambaa cha vyombo, lakini masikio yalimwiva mekundu.

Jumanne moja ya Februari ikaingia barua pepe, haina jina, anwani yake imeandikwa mpitanjia. Mstari mmoja: Naomba nyaraka zote za kwale wa kipilefti.

Majvor akashuka chini, akalitoa faili, akalifungua pale pale chini ya taa. Tangazo. Barua ya mhunzi. Barua ya Evald. Akaigeuza.

Kilikuwa pale, njano yake imefifia, mwandiko ni wake mwenyewe: *Jumatatu, saa nane na dakika kumi mchana. Göte amepiga simu, anataka hii igongwe muhuri wa Ijumaa. Nimekataa. Na hata ingewahi! Mtu huyu hajui kuchonga hata mwiko. Ndege kwenye mchoro anafanana na kuku aliyefunga choo wiki mbili. Mwenyewe kwenye picha anafanana na ndege.*

Akapanda ngazi taratibu kama mtu aliyebeba kinyesi cha kupeleka maabara. Solveig akasoma, akacheka mpaka akashika meza, halafu akamkumbuka Evald, akaacha.

"Kibandue," akasema. "Gundi yenyewe imekauka. Kimeanguka, basi."

"Kimeshuka chini na faili. Ni cha umma."

"Majvor! Kuku kufunga choo ni mali ya umma?"

"Mistari ya juu ndiyo inayomshika Göte. Hakuna karatasi nyingine inayosema alipiga simu."

"Basi kata. Ya juu wape, ya kuku tia motoni. Mkasi huu hapa."

Majvor akaushika mkasi. Nisikufiche, aliushika na akaufungua. Mstari wa kukata ulikuwepo kabisa, baada ya neno "nimekataa", kama vile mkono wake wa miaka mitatu nyuma ulimwachia nafasi. Nani angejua? Mpita njia hajui kama kikaratasi kipo. Göte hajui. Na Jumamosi Evald angekuja na kisu cha kumi na mbili, na ngazi ingekaguliwa, na mtu mwenye miaka sitini na miwili hapati mwingine wa kumsikiliza hivyo, si Kvarnsele, ambako wanaume waliobaki ni wa kuhesabu na nusu yao wanaongea na mbwa tu.

Halafu akamkumbuka Mzee wa Maji na mfuko wake wa viazi. Wiki moja tu angekuwa amechoka, angemwambia karatasi hazipo, mzee angerudi nyumbani. Nani angejua hapo pia? Akamkumbuka na yule mhunzi wa kike, aliyeleta barua Jumatano kama walivyomwambia.

"Siku tatu sikumpa Göte," akasema. "Mistari mitatu nitajipa mimi?"

"Wewe si Göte."

"Nikikata nitakuwa nani?"

Akauweka mkasi mezani, akaenda kwenye mashine, akapiga kopi ya kikaratasi mbele na nyuma ingawa nyuma hakikuwa na kitu. Kabla ya kahawa ya saa nne faili zima lilikuwa limetumwa. Kahawa yenyewe hakuinywa.

Kumwonya Evald alitaka. Alipiga simu Jumatano, akapiga Alhamisi; Evald alikuwa msituni akikata misonobari, na huko simu hushika ukiwa juu ya mti tu. Akajisemea Jumamosi atampikia maandazi ya kubanwa kwenye chuma cha moto, ataanza kwa jamu, atamalizia kwa kuku. Gazeti likamtangulia kwa siku moja. Ijumaa asubuhi kikaratasi kilikuwa ukurasa wa mbele, kimepigwa picha kikubwa kama shuka, na mwandiko wa Majvor unajulikana mji mzima kwa sababu ndiye huandika bei kwenye mnada wa kanisa.

Göte aliingia masjala bila kuvua koti.

"Nani ameomba hili faili?"

"Sijui. Na wewe huruhusiwi kutaka kujua."

"Majvor, mimi ni mwenyekiti wako!"

"Ndiyo maana nakukumbusha kwa upole."

"Umejivua nguo mwenyewe, unaliona hilo? Na yule mchumba wako umemvua pia."

"Kopi niliipiga mwenyewe, Göte. Niliisoma mara mbili. Yako ni ile mistari ya juu, soma uanzie hapo."

Göte akatazama muhuri uliokuwa mkononi mwa Majvor, akaondoka. Mwezi huo huo madiwani walimweka kiti cha mbele wakamuuliza, safari hii bila keki. Akajibu vibaya, akajiuzulu kwa sababu za kiafya, na afya yake ni ya farasi. Mhunzi akaandikiwa barua ya kuombwa radhi. Majvor akaigonga muhuri, akaipa namba. Na yule mpita njia hajajulikana mpaka leo, wala hakuna aliyemtafuta, maana kwetu kumtafuta ndilo kosa.

Ndege watu wakambatiza Kuku wa Choo. Asubuhi moja alikutwa amevishwa shingoni karatasi za msalani, roli tatu, mpya.

Evald hakuja Jumamosi ile. Hakuja na iliyofuata. Majvor alifagia ngazi nzima iliyotengenezwa, akajiambia amezoea kuishi peke yake, akawaambia hivyo na wengine wasiomuuliza.

Jumanne ya wiki ya tatu kengele ya dirishani ikalia. Evald amesimama, kofia mkononi.

"Naomba kopi," akasema. "Ya kile kikaratasi."

Swali lilimpanda Majvor mpaka kwenye meno: cha nini, Evald, umekiona gazetini, mji mzima umekiona, cha nini tena? Akalimeza. Akapiga kopi, akaiweka kaunta. Evald akaisoma yote pale pale, mdomo ukitembea, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Kuna malipo?"

"Kurasa tisa za kwanza ni bure."

"Asante."

Akaenda zake. Jumanne iliyofuata akarudi, akaomba kumbukumbu za kikao cha kipilefti. Ya baada yake, mpango wa kuondoa theluji. Halafu orodha ya taa za barabarani zilizoungua. Wiki ya tano aliomba majina ya watumishi waliofundishwa kuzima moto, na wiki ya sita akaomba, kwa sauti ile ile ya kanisani, taarifa ya vipimo vya mtaro wa maji machafu wa mwaka wa tisini na nne. Majvor alizitafuta zote. Alizitafuta na kumpa, na kila akimpa alikuwa akivuja jasho la mgongo.

"Muulize!" Solveig alimfokea Majvor, Evald alipotoka na mtaro wake. "Nakufa mimi!"

"Karani haulizi."

"Saa ngapi sasa?"

Majvor akatazama ukutani. Saa kumi na dakika moja. Dirisha limefungwa.

Akavua kitambulisho, akakitupa juu ya mafaili, akavaa koti upande mmoja, akatoka mbio na viatu vya ndani kwenye barafu ya maegesho. Evald alikuwa akikwangua kioo cha gari.

"Evald Risberg! Unazitakia nini?"

Evald akageuka. "Hilo swali karani haruhusiwi."

"Karani yuko ndani amejifungia. Huyu ni mimi. Unazitakia nini karatasi za mtaro?"

Evald akakwangua kidogo, akaacha.

"Ile ya kwanza nilitaka kuona kama utanipa nzima," akasema. "Tena ukiwa unanitazama usoni."

"Si ulipewa?"

"Nilipewa." Akapangusa pua. "Zingine ni kwa sababu sikuwa na neno la kuanzia. Kwako nikija lazima niseme kitu. Hapa dirishani naomba karatasi, basi, na wewe lazima unijibu. Ni sheria."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyatoa tangu dansi la kwanza. Majvor miguu ilikuwa inaganda, hakuihisi.

"Barua ilichelewa, sikujua kama ilichelewa," Evald akaendelea, maana akishaanza kumbe hana breki. "Göte aliniambia iko sawa. Na yule ndege nimekwenda kumtazama tena. Nilisimama pale kwenye kipilefti nusu saa, na kikaratasi mkononi. Ni kuku. Na choo amefunga, hilo pia ni kweli. Lakini mwiko, Majvor, mwiko najua kuchonga."

"Visu vya siagi kumi na kimoja, sijaona mwiko hata mmoja!"

"Hujawahi kuomba."

"Basi naomba."

Evald, ambaye hakuna sheria inayomfunga mdomo, akaegemea gari lake na kumtazama juu mpaka chini, mpaka kwenye viatu vya ndani.

"Wa nini?" akauliza.